Ufa Hauanzii Darini

Fundi aliyetufundisha kulisoma dari hakuanza kwa kuulizia bei ya bodi. Alisalimiana na mama, akaomba stuli, akapanda, kisha akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya ufa, akiukatisha kutoka upande mmoja hadi wa pili. "Hapa pako sawa," alisema. Akasogeza stuli hatua moja, akarudia. "Hapa ukucha unakwama, Mwalimu. Bodi ya upande wa dirishani imeshuka." Akaisukuma kwa kiganja. Bodi ikapanda, ikagonga mbao, na alipoiachia ikashuka tena huku vumbi jeupe likimwangukia begani. Ndipo alipoomba ngazi na tochi, akapenya kwenye kidirisha cha kupandia darini kule stoo, akakaa huko juu mpaka chai aliyoandaliwa ikapoa.

Mama hakufurahi. Alikuwa amemwita azibe ufa, si atembee juu ya vyumba. Ni mwalimu mstaafu. Nyumba ile ya Kimara aliijenga pamoja na marehemu baba, chumba baada ya chumba, kwa mkopo na baadaye kwa mafao, na dari jeupe la sebuleni ndilo lililokamilika mwisho kabisa. Ufa ulipojitokeza, ulimkera kuliko kasoro nyingine yoyote ya nyumba. Kila shughuli ilipokaribia, iwe kipaimara au kikao cha harusi, aliitwa kijana mwenye ndoo na skrepa, ufa ukazibwa, rangi ikapigwa, wageni wakaja wakala wakaondoka. Masika ilipofika, mstari ulikuwa umerudi palepale, pengine mrefu zaidi ya mwanzo. Kila kijana alimlaumu aliyemtangulia, na kila mmoja alilipwa.

Mimi ndiye niliyemshikia fundi tochi siku ile, na kazi ilipoanza nikawa msaidizi wake: kuchota maji, kuchanganya unga, kubeba bodi kichwani huku yeye akifunga skrubu. Alikuwa mtu wa makamo ya baba, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na kauli aliyoirudia kila chumba tulichoingia: ufa hauanzii darini. Tangu wakati huo nimeona nyumba nyingi za ndugu na marafiki, Tabata, Goba, Mbagala, zikigharimia ufa uleule mwaka hadi mwaka, na kila mara naikumbuka kauli hiyo. Naandika kwa sababu pesa hizo ni za watu waliojibana, na kwa sababu maarifa ya kuziokoa yapo, yako mikononi mwa mafundi ambao hatuwapi nafasi ya kuyatumia.

Kwanza niseme kuhusu jipsamu yenyewe, maana nilikaa chini yake miaka mingi bila kuijua. Ni jiwe laini lililobeba maji ndani yake. Si unyevu wa kukauka juani. Ni maji yaliyofungwa katika fuwele za jiwe lenyewe, na yanafika karibu asilimia 21 ya uzito wake. Kwetu linachimbwa Makanya, wilayani Same, mahali anapopita kila anayesafiri kwa basi kati ya Moshi na Korogwe, na pia Itigi na Kilwa. Sehemu kubwa huenda kwenye viwanda vya saruji, kwa sababu ndiyo inayochelewesha saruji isigande kabla fundi hajaitandaza. Ukilipasha jiwe hilo moto wa nyuzi 150 hivi, linapoteza robo tatu ya maji yake na kuwa unga mweupe. Ukiurudishia unga huo maji, unayanywa na kugeuka jiwe tena ndani ya dakika chache. Watu wa Paris waliuchoma unga huu kutoka machimbo ya kilima cha Montmartre kwa karne nyingi, ndiyo maana hadi leo mafundi wengi wanauita plasta ya Paris. Mwaka 1894 Mmarekani Augustine Sackett alipata hataza ya bodi iliyopangwa kwa tabaka za karatasi na plasta, na kutoka hapo ndipo ilipotoka bodi tunayoijua: moyo wa jipsamu kati ya karatasi mbili.

Fundi alinionyesha maana ya hizo karatasi kwa mikono yake. Alichukua kipande cha bodi kilichobaki, akanipa nikikunje. Kilinisumbua. Kisha akachana karatasi pande zote mbili, akanirudishia, na kikavunjika kama biskuti. "Nguvu iko kwenye karatasi, mwanangu," alisema. "Sasa niambie, kwenye maungio ya bodi mbili, karatasi iko wapi?"

Haipo. Hapo karatasi ya bodi hii imeishia na ya bodi ile haijaanza. Kilichopo ni ufa ambao kiwanda kimekuachia, na kazi ya fundi ni kuufunga kwa tepu itakayochukua nafasi ya karatasi. Dari la sebule yetu halikuwa na tepu hata moja. Maungio yote yalikuwa yamejazwa puti ya ukutani na kupakwa rangi. Puti hiyo ni nzuri kwa kulainisha plasta ya saruji. Kuitegemea ishikilie bodi mbili zinazovutana ni kuionea.

Bodi moja ya dari, milimita 9 unene, upana mita 1.2 na urefu mita 2.4, ina uzito wa karibu kilo 20, na katika uzito huo mna kama lita 4 za maji yaliyofungwa. Hayo maji ndiyo yanayolifanya dari la jipsamu licheleweshe moto, kwa kuwa joto lazima liyafukuze kwanza kabla halijapenya. Lakini bodi haina hata chembe ya kuvutika. Ikivutwa, inatafuta mahali dhaifu na kufunguka hapo.

Nani anaivuta? Hilo ndilo fundi alilokwenda kulitafuta kule juu, na aliposhuka, nywele zikiwa zimejaa utando wa buibui, alitueleza kwa kutumia vidole vya mkono. Bati limegongwa kwenye papi, papi kwenye kenchi, kenchi imebeba blandaring, na blandaring imebeba bodi. Kinachomtikisa mmoja kinamfikia wa mwisho. Bati la mita 3, likipanda joto kwa nyuzi 40 kutoka alfajiri hadi saa nane mchana, linarefuka kwa milimita moja na nusu hivi, na jioni linarudi. Ile milio ya ta, ta, ta tunayoisikia jua likizama ndiyo hiyo. Mbao nazo zina yake. Nyingi za Dar es Salaam ni paini za nyanda za juu kusini, kutoka msitu wa kupandwa wa Sao Hill na mashamba ya jirani huko Mufindi. Zinapasuliwa, zinachovywa dawa ya wadudu, zinapakiwa kwenye lori, na mara nyingi zinafika yadi zikiwa bado mbichi. Haraka ya mwenye nyumba inazipandisha juu hivyohivyo. Mbao ikikauka haipungui sana kwa urefu, ila inapungua kwa unene. Blandaring ya inchi mbili kwa mbili ikinunuliwa mbichi inaweza kupoteza karibu milimita 2. Msumari haupungui. Kwa hiyo mbao inajivuta juu, bodi inabaki ikining'inia kwenye kichwa cha msumari, na baada ya muda kichwa hicho kinachungulia chini kama kijipu kidogo chini ya rangi. Mama alikuwa ameviona vijipu hivyo siku nyingi akidhani ni rangi mbaya.

Waliojenga nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar walikuwa na dari za boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, mita 3 au pungufu. Sisi tumekuja na kenchi, tukaweza kufungua sebule pana inayoungana na sehemu ya kulia chakula na koridoo, dari moja lisilo na mwisho. Napenda upana huo, na mama anaupenda zaidi. Lakini dari refu bila pa kupumulia litajitafutia lenyewe. Fundi alituonyesha kwamba ufa wa koridoo ulianzia hasa kwenye pembe ambapo koridoo inakutana na sebule, pale dari linapobadilika ghafla kutoka pana kwenda jembamba. Pembe za namna hiyo hukusanya mvutano wote. Kwenye jengo kubwa huachwa nafasi maalumu kila mita 9 au 10 ili dari licheze bila kupasuka. Nyumbani ni wachache wanaoifikiria.

Baada ya maelezo hayo mama alimuuliza ataanza lini. Akajibu kwamba hataanza. Tulikuwa mwezi Machi, mvua zimeanza. Alichukua penseli akachora kistari kidogo mwisho wa kila ufa, akaandika tarehe pembeni, kisha akachanganya unga kidogo kiganjani na kubandika kidonge chembamba juu ya kila ufa, kikikingama pande zote mbili. "Mwalimu, nikiziba leo nitakuwa nimeziba cha leo," alisema. "Acha masika ipite. Kidonge kikikatika, huo ufa uko hai, unavutwa. Kisipokatika, umekufa, tutauziba hata kwa saa moja."

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo nimelibeba nje ya kazi ya ujenzi pia. Nyufa mbili zilizofanana kabisa kwa macho, moja ya sebuleni na moja ya chumba cha wageni, zilitoa majibu tofauti. Kidonge cha sebuleni kilikatika katikati baada ya mvua kubwa za Aprili, na kistari cha penseli kikaachwa nyuma kwa urefu wa kidole. Cha chumba cha wageni kilibaki kizima hadi Julai. Fundi alipopanda kuangalia juu ya chumba hicho alikuta alama ya kiatu kwenye vumbi: aliyevuta nyaya za umeme zamani alikanyaga bodi badala ya kukanyaga mbao, bodi ikaitika na kupasuka, basi. Hakuna kilichokuwa kikiivuta tena. Tumelelewa na methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta, na ni kweli, lakini katika nyumba yetu haraka ya kuziba ndiyo iliyotupa hasara. Methali haikatazi kuuliza kwanza.

Chumbani kwa wadogo zangu kulikuwa na nyufa zilizotawanyika kuzunguka pangaboi. Hapo hapakuhitaji kidonge. Kulabu ya pangaboi ilifungwa kwenye blandaring, na kila lilipowashwa kasi ya mwisho, mbao ilicheza na bodi zote za jirani zikacheza nayo. Pangaboi hufungwa kwenye kenchi, au kwenye mbao nene iliyopitishwa kutoka kenchi moja hadi nyingine. Dari liwe na tundu tu la kupitishia mkono wake. Hili nalitilia mkazo kwa sababu ni hatari ya mtu kuangukiwa kitandani, si ya urembo. Yeyote mwenye nyufa zinazozunguka pangaboi alizime leo na aite mtu.

Kazi ya sebuleni ilifanyika Agosti, kipupwe, hewa ikiwa kavu. Kwanza fundi alishughulika na juu, chini akapaacha kama palivyo. Blandaring zilikuwa zimeachana sana, sentimita 60 hivi, akaongeza mbao kavu katikati zikaribiane kufika 30, na nyuma ya kila ungio lililokuwa likining'inia hewani akaweka kipande cha kukingama. Bodi za awali zilipangwa pembe nne zikikutana mahali pamoja, msalaba kamili, na msalaba huo ndio uliokuwa ukianza kupasuka kila mara. Aliishusha bodi moja na kuikata upya ili maungio yapishane, namna tofali zinavyopishana ukutani.

Halafu zikaja skrubu, moja kila sentimita 20, zikiachwa sentimita moja na kidogo kutoka ukingo wa bodi. Aliniacha nifunge chache na kunisimamisha kila nilipobonyeza sana. Kichwa cha skrubu kinatakiwa kizame chini kidogo tu ya uso wa karatasi bila kuikata. Karatasi ikikatika, skrubu hiyo haishiki kitu, maana imebaki kwenye unga mtupu. Unaiacha na kufunga nyingine pembeni. Ukijua hilo unaelewa kwa nini misumari inayopigwa kwa nyundo, kila pigo likiitikisa bodi nzima, ni mwanzo mbaya.

Puti ya zamani ilikwanguliwa yote, ufa ukapanuliwa kidogo kwa kisu ukawa na mdomo mpana na kina chembamba, vumbi likapigwa brashi. Katika kuchanganya unga nilidhani nitafanya kama ninavyosonga ugali, maji kisha unga na nguvu. Fundi alinizuia mkono. Maji hutangulia, ndiyo, lakini unga hunyunyizwa kidogokidogo hadi utokeze juu kama visiwa, kisha unaachwa unywe, ndipo unakorogwa taratibu. Na ndoo ilioshwa kila mara, hadi mshikio. Nilidhani ni usafi wa mtu mwenye nidhamu tu, mpaka aliponieleza: chembe za jipsamu iliyokwisha kuganda zikibaki ndoani, mchanganyiko mpya unagandia juu ya hizo chembe na unakauka mikononi kabla hujaufikisha darini. Ukiweka kiganja kwenye ubavu wa ndoo unasikia joto likipanda. Ndiyo dalili kwamba unga umeanza kurudi kuwa jiwe. Ukishafika hapo, ongezeko la maji haliokoi kitu. Linautia ulaini wa uongo, na kesho unapukutika. Alikuwa akiumwaga bila kusita, ingawa ni pesa.

Kwa ungio lililo hai alichagua tepu ya karatasi badala ya ile ya nyavu ambayo wengi wanaipenda kwa sababu inajibandika yenyewe. Nyavu inafaa, hasa ukitumia unga unaoganda kwa haraka, lakini karatasi inahimili mvutano zaidi. Aliilowesha, akailaza juu ya safu ya kwanza ikiwa bado mbichi, akaikandamiza kwa skrepa kuanzia katikati kwenda nje ili hewa na unga uliozidi vitoke pembeni. Palipobaki kiputo cha hewa alichana na kurudia. Safu ya pili ilikuwa pana zaidi, ya tatu ikapita sentimita 30, kila moja nyembamba kuliko iliyotangulia, na kila moja ikaachwa ikauke kweli. Usiku alirudi, akazima taa, akashikilia tochi ikimulika sambamba na dari. Mwanga wa ubavuni hauna huruma: kila tuta na kila shimo lilionekana, akayazungushia penseli kwa ajili ya msasa wa kesho. Mchana, kwa taa ya kawaida, dari lilelile lilikuwa linaonekana limekamilika.

Msasa ulikuwa namba 150, tukiwa na barakoa, madirisha wazi. Hapa niseme moja kwa wanaoishi kwenye nyumba za zamani, hasa zilizokuwa za serikali au za mashirika: hakikisha kwanza dari lako ni jipsamu. Baadhi ya dari na mapaa ya zamani yalitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni linaweza kusababisha saratani miaka mingi baadaye. La namna hiyo halipigwi msasa, halitobolewi, halivunjwi na kijana mwenye nyundo. Linahitaji watu wenye vifaa na utaalamu wake.

Kabla ya rangi ilipakwa praima, kwa sababu jipsamu mbichi inanyonya rangi kuliko bodi iliyokwisha kupakwa, na bila praima ungio litaonekana kama utepe uliofifia hata likiwa limenyooka.

Chumbani kwa mama tatizo lilikuwa maji. Alama ya kahawia yenye kingo nyeusi, bodi imefanya tumbo. Chanzo kilikuwa msumari mmoja wa bati ambao mpira wake ulikuwa umeliwa na jua, na maji yalikuwa yakitiririka juu ya papi umbali mrefu kabla ya kudondoka, kwa hiyo aliyetazama bati juu ya doa asingeona kitu. Fundi alibadilisha misumari ya safu nzima, kisha akaliacha tundu la dari wazi hadi vuli ili mvua ithibitishe. Mama alilala chini ya tundu hilo, na kila mvua iliponyesha aliamka kumulika. Lilipobaki kavu, ndipo bodi iliyoloa ilipokatwa hadi katikati ya blandaring na kipande kipya kufungwa. Bodi iliyoloa ikafanya tumbo hairudi. Hata ikikauka, nguvu imeondoka na ukungu umeingia. Doa dogo ambalo bodi yake bado ni ngumu unaweza kuliokoa, lakini lipake kwanza rangi ya mafuta, kwani rangi ya maji itapitwa na ile kahawia ndani ya wiki. Na ikitokea mvua inanyesha, dari limejaa maji na linashuka, toboa tundu dogo kwa bisibisi mahali pa chini kabisa pa tumbo, weka ndoo. Utapoteza tundu badala ya kupoteza dari zima na kabati lililo chini yake.

Mpasuko mwembamba kati ya mikanda na ukuta, ule unaozunguka chumba chote, fundi hakuupa uzito. Ukuta ni tofali, dari liko kwenye mbao, na hawa wawili hawatacheza ngoma moja kamwe. Alitumia akriliki ya kwenye bomba, inayovutika na inayokubali rangi. Silikoni ya bafuni inavutika pia, ila rangi haikai juu yake. Anayejaza unga mgumu hapo atajaza kila mwaka. Ufa wa kuogopa ni ule unaoshuka kutoka darini na kuendelea ukutani kwa mshazari, unaopanuka kadiri unavyokwenda. Huo umetoka kwenye msingi, na fundi wa dari si mtu wake.

Wakati wa malipo ndipo palipokuwa na mvutano. Fundi alitaka alipwe kwa siku ile ya kwanza aliyozunguka na tochi, na mama aliona hajalipia kitu, maana hakuna alichokifunga wala kukishusha. Nilimtetea mzee, na ningemtetea leo kwa sauti kubwa zaidi. Tumezoea kulipa dari kwa hesabu ya bodi. Malipo ya bodi yanamsukuma fundi apandishe bodi nyingi kwa siku chache. Hayampi sababu yoyote ya kuangalia mbao kama imekauka, kuosha ndoo, kupishanisha maungio au kusema neno gumu kwamba kazi isubiri mvua iishe. Wale vijana waliokuja na skrepa hawakuwa wezi. Waliitwa waufiche mstari kabla ya Jumamosi, wakauficha. Tulilipia kufichiwa, tukapata tulicholipia. Fundi anayekwambia jambo ambalo hukulitaka kulisikia amekufanyia kazi ngumu kuliko zote, na inastahili bei yake, ikiwezekana ikatajwa mapema na kuandikwa kwenye makubaliano. Mama alilipa, baada ya kupiga hesabu ya yale yote yaliyokwenda kwenye rangi na puti huko nyuma. Siku hizi yeye ndiye anayemtaja fundi huyo kwa majirani, na huwaambia mapema kwamba siku ya kwanza inalipiwa.

Kilichobaki ni baraza. Huko nako walitufungia jipsamu, na upepo wenye mvua unaifikia kutoka pande mbili. Kingo zimevimba, karatasi imeachia, nyufa hazihesabiki. Fundi alipitisha ukucha mara moja tu akatikisa kichwa. Mahali panapolowa si pa bodi ile, na hakuna unga wala tepu itakayobadilisha hilo. Tutaishusha yote na kuweka dari la plastiki, lenye matundu ya hewa pembeni. Mbao za blandaring mama alishazinunua baada ya vuli, zimepangwa stoo, kila safu ikitenganishwa na vipande vyembamba ili hewa ipite, na ameshaarifiwa kwamba hazitaguswa kabla ya Julai. Anazigeuza mwenyewe.